Mwambie Mama Somo Yake Anafananaje

Chang'ombe,
Dodoma.
9 Machi, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Denis,

Hujambo huko Kanada? Wifi Hilda na mtoto wanaendeleaje na hiyo baridi yenu? Sisi huku tunapumua. Mvua za Bahi zimegoma, majaruba ya mpunga yamepasuka, na Shangazi Anyesi ameachia ng'ombe wajilie. Mama amepokea shikamoo yako. Nimemhamishia kwangu tangu Januari.

Nakuandikia kwa kalamu kwa amri yake. Anasema ya kwenye simu unayasoma huku unatembea.

Denis, Mama haoni. Siku ile ulipotuma picha ya mtoto nilimpa simu mkononi. Akaitazama kwa muda, akatabasamu, akasema, "Mzuri huyu somo yangu." Kioo kilikuwa kimeshazima. Nilienda jikoni nikalia. Hospitali wametuambia ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Amebaki kuona mwanga wa mlangoni tu.

Alipojua kwamba nimegundua, hakulalamika. Aliniuliza mtoto anafananaje. Nikamwambia ana macho kama nyota na mashavu kama maandazi. Akanigombeza. "Huyo ni mtoto wa kila mtu, Editha. Mimi namuulizia Paskazia mwenzangu." Unamjua alivyo. Ni yeye aliyesema marehemu Baba anacheka kama kibuyu kinachojazwa maji, na mpaka leo nikisikia kibuyu kisimani namkumbuka Baba.

Kwa hiyo picha zinatosha. Mpakate mwanao, umwangalie vizuri, halafu uandike. Nywele zake ukizishika ni kama nini? Akilia analia kama nani? Theluji usimwandikie, hajawahi kuiona. Mwandikie vitu vya Bahi: udongo wa jaruba, ndama, karanga mbichi, hata kambale ukipenda. Hivyo anavijua kwa mikono yake. Na usikawie kama kawaida yako, maana naona hata anavyoviona kichwani vimeanza kumfifia. Naogopa, mdogo wangu.

Jana alinishika mkono akauliza, "Na Denis mwenyewe sasa yukoje?" Mwaka wa tisa huu hujarudi, na picha zako zote ni koti na kofia. Nilitaka kumwambia umefanana na Baba, nikaona sina hakika. Tukakaa pale tukijaribu kuukumbuka uso wako, mmoja mwenye macho na mmoja asiye nayo, tukawa sawa.

Shemeji yako Sila anakusalimu, na Shangazi Anyesi pia. Msalimie sana wifi, na umbusu Paskazia kwa niaba ya bibi yake. Mungu awatunze wote watatu, na akurudishe ungali na mtu wa kumwamkia shikamoo hapa nyumbani.

Dada yako akupendaye hata akifoka,
Editha