Nozeli ya Nne

Mjukuu wangu Rahma,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Kiembe Samaki hatujambo, ila bibi yako na magoti yake. Tangu uniulize kama umruhusu fundi wa huko Dodoma abadilishe nozeli zote zinazorushia injini petroli, kwa sababu gari inatetemeka, sijakaa nikatulia.

Siku moja nilikuwa namkimbiza mama yako hospitali kutoka Kiwengwa, uchungu umeshamshika. Njiani gari ikaanza kutetemeka, ikakosa nguvu. Nikafungua boneti, nikashika spana nianze kufungua nozeli.

"Baba, unafungua nini?" mama yako akauliza.

"Zote!"

"Hujui hata ipi mbovu. Sikiliza kwanza!"

Nikaona haya. Injini ikinguruma, nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye kila nozeli, mpini sikioni. Tatu ziligonga ta-ta-ta. Ya nne kimya. Plagi ya waya wake ilikuwa imeshika kutu kwa hewa ya chumvi. Nikazima, nikaikwangua, nikaichomeka tena. Gari ikatulia. Mimi sikutulia.

Basi mwambie fundi wako asikilize kwanza. Siku ile tulifika, na wewe ukazaliwa kabla sijapata pa kuegesha.

Babu yako