Nilisema "Ndiye", na Sasa Kitabu Kinaenda Kuchapishwa

Jumanne, tarehe 9 Juni. Baridi ya kusini imeingia tangu jana, nyuzi kumi na mbili alfajiri, ukungu juu ya mto mpaka saa moja na nusu, kisha jua.

Mpendwa Shangazi Zulmira, naomba unisikilize mpaka mwisho, na unisamehe kwa kuanza na hali ya hewa, kwa sababu ndivyo ninavyoanza daftari langu kila siku tangu nilipomaliza sekondari pale Poconé, miaka ishirini na miwili sasa, na mkono umeshazoea. Jina langu ni Jucineide, wageni huniita Neide. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa boti kutazama wanyama kwenye mto Pixaim, na kipindi chako cha ushauri redioni nakisikiliza jikoni kila asubuhi nikikoroga unga wa guarana, kahawa yetu sisi watu wa mto, kwenye glasi, kabla wageni hawajaamka. Sina mume mlevi wala mkwe mkorofi. Kusema kweli nina furaha, na nadhani ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Kila Agosti, kwa miaka saba, anakuja kwetu Bibi Irmgard, mwalimu mstaafu kutoka kusini kabisa mwa nchi, mwenye umri wa miaka sabini na minane sasa, na haji kumwona jagwa, yule paka mkubwa mwenye madoa, kama wengine, anakuja kumwona fisi maji mmoja. Shangazi, wewe ni mtu wa mjini, kwa hiyo nieleze kidogo: fisi maji wetu ni wakubwa, wana urefu wa mtu, wanaishi kwa familia, na kila mmoja ana madoa meupe kooni ambayo hayafanani na ya mwingine, na wakiona boti husimama majini shingo juu na kukukoromea, kwa hiyo mwenye macho anawajua mmoja mmoja kama watoto wa jirani. Huyu jike alikuwa na doa moja tu, mviringo wenye mkia uliopinda kushoto, na Bibi Irmgard, ambaye amefundisha lugha miaka thelathini na sita, alipomwona mara ya kwanza alishusha darubini akasema, "Huyu ana alama ya mkato shingoni. Kila akitokea lazima nipumzike kidogo." Tukamwita Mkato.

Kwa miaka mitano nilimwonyesha Mkato. Naandika kwenye daftari saa, mahali, wako wangapi, wanakula nini, na jioni Bibi Irmgard hunisomea daftari lake nami humsomea langu, tunasahihishana, yeye ananisahihisha sarufi na mimi namsahihisha ndege. Watoto wangu wako mjini Cuiabá na wana mambo yao, kwa hiyo sikufichi, wiki hiyo moja ya Agosti naingoja kuliko Krismasi.

Sasa kosa langu. Miaka miwili iliyopita, tarehe 12 Mei, Mzee Anísio, mwendesha boti ambaye nimefanya naye kazi tangu nianze, alimkuta Mkato amelala kwenye mizizi ya mti ukingoni, amekufa, bila jeraha, uzee tu. Aliniita, nikamgeuza mwenyewe, nikaliona lile doa. Mzee Anísio alivua kofia na tukamzika pale juu, mahali maji hayafiki. Niliandika yote kwenye daftari. Nikasema sitampigia Bibi Irmgard simu, habari kama hiyo ni ya uso kwa uso, na Agosti haiko mbali.

Agosti ikafika, na yeye akafika, jicho moja limetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, amesafiri siku mbili, na nilipomwona anashuka kwenye gari akicheka nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alfajiri hatujapita hata kona ya pili, fisi maji sita wakaibuka mbele ya boti, na jike mmoja ambaye alikuwa ameshika uongozi wa familia ya Mkato akanyoosha shingo, naye ana doa moja, lenye mkia vilevile ila mfupi na ulionyooka, kama mtu aliyeandika kwa haraka. Bibi Irmgard akanishika mkono.

"Neide. Ni yeye?"

Nikasema, "Ndiye."

Shangazi, neno moja tu, wala sikulipanga, lilitoka kama mtu anavyosema "karibu". Na nikishasema ningelirudishaje, wakati yeye machozi yanamtoka na anasema, "Amenenepa."

"Nani asingenenepa, Bibi," Mzee Anísio akajibu kutoka nyuma ya boti, "samaki wote wa mto huu ni wake."

"Na wewe unakula wa nani?"

"Mimi nakula makombo yake. Nione nilivyokonda."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka. Tuliporudi na Bibi amekwenda kunywa kahawa, Mzee Anísio alikuwa anafunga kamba ya boti, hakuniangalia.

"Neide, mwezi wa tano tulimzika nani vile?"

"Nyamaza, Mzee."

"Nimenyamaza. Nauliza tu, maana mgongo bado unaniuma kwa kuchimba."

Usiku ule kwenye daftari niliandika ukweli: fisi maji sita, jike mpya anaongoza. Nilipomsomea Bibi Irmgard niliruka mstari huo. Mwaka wa pili, yaani Agosti iliyopita, nilikuwa nimeapa nitasema, na yeye akaja na picha kubwa ya Mkato kwenye fremu, zawadi yangu, ameitundika mwenyewe kwenye ukumbi wa chakula akiwa amesimama juu ya kiti, na sikusema. Yule jike mpya alikuwa na watoto watatu, tulikaa nao asubuhi nzima, akiwafundisha kushika samaki, akiwaachia samaki mzima majini na wao wakimpoteza na yeye akimrudisha, na sijawahi kumwona Bibi Irmgard ana raha vile. Siku moja aliniuliza, "Mbona mkato wake umenyooka?" Nikamwambia ni mwanga, Bibi. Akasema, "Haya," na akafuta darubini.

Ningeweza kuendelea hivyo, nakuambia kweli, kwa sababu nani anaumia. Lakini tarehe 20 Mei imefika bahasha kutoka kwake. Ameandika kitabu. Ni kidogo, kurasa arobaini, picha zake za miaka saba na maelezo mafupi, kinaitwa Maisha ya Mkato, na shule aliyofundisha itakichapisha kwa ajili ya maktaba yao na za shule za jirani. Ukurasa wa thelathini na moja unasema Mkato amejifungua tena watoto watatu. Na kwenye barua ameandika: "Kagua tarehe zote, Neide, kwa sababu kumbukumbu yangu inadanganya na daftari lako halidanganyi. Nataka ukurasa wa mwisho useme kwamba tarehe zimethibitishwa na Jucineide Arruda. Mchapishaji anazihitaji kabla ya tarehe 30 Juni."

Shangazi, jina langu halijawahi kuandikwa kwenye vitabu vyovyote isipokuwa vya shule, nilivyoandika mwenyewe kwa kalamu. Nalitaka jina hilo pale kwa namna ambayo naona aibu kukuambia. Nimekagua tarehe za ukurasa wa kwanza mpaka wa ishirini na sita, zote ni sahihi kasoro mbili, nimezirekebisha, na hapo nimekwama wiki tatu. Nilimwonyesha Mzee Anísio. Akageuza kurasa taratibu, akasema picha ya kofia yake imetoka vizuri, kisha akasema, "Thibitisha, mama. Fisi maji hawasomi."

"Watoto wa shule wanasoma."

"Basi mwambie. Lakini mwaka huu asipokuja, usinililie mimi kwenye boti, boti yenyewe inavuja."

Hilo ndilo ninaloliogopa. Bibi aliwahi kusema kwamba Mkato akiwepo naye atakuja, mpaka miguu ikatae. Nikimwambia Mkato hayupo, atakuja kufanya nini? Na akishajua kwamba nimemdanganya miaka miwili, ataniamini tena nikimwambia huyu ni mdiria na yule ni korongo? Nithibitishe tarehe na kunyamaza, kwa kuwa ni furaha ya mzee na haimdhuru mtu, au niseme na kumpoteza? Nisaidie, Shangazi, siku zinakwisha.

Wako, Jucineide A., Poconé

Nyongeza, Jumatano asubuhi, baridi imepungua: jana baada ya kuandika haya nilipata usingizi saa sita kasoro dakika kumi, mimi ambaye saa tatu usiku huwa nimeshakoroma.

JIBU LA SHANGAZI ZULMIRA

Neide, binti yangu, umedanganya kwa neno moja na kulieleza kwa kurasa nne. Hiyo ni dalili nzuri. Wadanganyifu niliowazoea hapa hufanya kinyume chake.

Agosti ya kwanza nakuhurumia. Mzee amesafiri siku mbili, jicho lake ndiyo kwanza linaona vizuri, amekushika mkono. Hata mimi ningeweza kuteleza pale. Agosti ya pili sikuhurumii hata kidogo. Ulikuwa na mwaka mzima, una simu, una kalamu, na ulikaa chini ya picha ya marehemu ukila chakula chako cha mchana.

Unauliza nani anaumia. Nitakuambia. Wewe unafikiri umemficha mtu habari ya mnyama, lakini ulichomficha ni msiba. Huku kwetu mtu akifa tunampigia simu hata binamu tusiyeongea naye, kwa sababu ni haki yake kujua na kulia. Wewe umelia, Mzee Anísio amevua kofia, na mwenye uchungu mkubwa kuliko nyinyi wote amekuja mara mbili akampungia mkono asiyekuwa yeye. Na huyo jike wa pili naye, mama wa watoto watatu, anayefanya kazi mbele ya boti yenu kila asubuhi, amepewa jina la aliyekufa kana kwamba yeye mwenyewe hakuzaliwa. Umewadhulumu wawili kwa mkupuo mmoja.

Unaogopa hatakuamini tena. Neide, nilipofika pale ulipoandika kwamba uliruka mstari ukimsomea, niliiweka barua mezani. Daftari lako ni safi. Mdomo wako ndio uliochafuka, nao unasafishwa kwa kutumiwa vizuri. Na aliposema mkato umenyooka, ukamjibu ni mwanga, akasema "Haya": labda anajua, labda hajui. Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka yote hiyo anajua miandiko. Lakini usijifiche nyuma ya labda hiyo. Kama anajua, basi anakusubiri wewe, na kumsubirisha mtu wa miaka sabini na minane ni utovu wa adabu.

Habari ya jina lako kwenye kitabu: kulitaka si dhambi, ila likikaa chini ya ukurasa wa thelathini na moja kama ulivyo, hutaweza kukifungua mbele ya mtu. Na Mzee Anísio mwambie mimi nimesema azibe boti yake na aache kutoa ushauri, hiyo ni kazi yangu.

Sasa fanya hivi. Uso kwa uso hakuna tena, nafasi hiyo uliipoteza, na ukingoja Agosti kitabu kitakuwa kimeshatoka. Piga simu. Usitume ujumbe wala sauti ya kurekodi, piga simu, wiki hii, mchana, baada ya chakula, na kwanza muulize kama amekaa na kama kuna mtu nyumbani. Usianze na "nisamehe", kwa sababu ukianza hivyo atalazimika kukubembeleza wewe badala ya kulia yeye. Anza na habari yenyewe: Mkato amekufa, tarehe kumi na mbili Mei, miaka miwili iliyopita, kwa uzee, hakuwa na jeraha, tulimzika. Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata kama unasikia saa ya ukutani kwake. Akishamaliza kuuliza ya Mkato, ndipo useme ya kwako, kwa ufupi, bila habari za mwanga.

Siku hiyohiyo piga picha kurasa tatu za daftari, ya kifo na za Agosti zote mbili, umtumie zilivyo, pamoja na ule mstari uliouruka. Umwachie yeye aamue kitabu kiishie wapi. Usimwombe aliache jina lako, wala usimwombe alitoe. Akikata simu, usimpigie tena siku hiyo, mngoje.

Na akija Agosti, na nadhani atakuja, kwa sababu mtu aliyezoea kusahihishana na wewe kila jioni hakuwa anasafiri siku mbili kwa ajili ya fisi maji peke yake, mpeleke kwanza pale mlipomzika, kabla ya boti, kabla hata ya kahawa, umwache akae kadiri atakavyo. Wageni wengine wakilalamika kwamba wanachelewa kuwaona wanyama, waambie wangoje, kuna mtu yuko msibani.