Kalamu Iliyogeuka Karamu

Nyakato, Mwanza,
9 Julai 1938.

Mpendwa Mjomba Nkwabi,

Shikamoo. Habari za Kigoma? Goti limepona, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi hatujambo. Mke wangu Kashindye ni mzima, ila hajaacha kunicheka, na sababu utaiona sasa hivi.

Ulipoondoka uliniambia nichague, randa au gazeti, maana fundi viti anayetunga hadithi na kuhariri ataharibu vyote. Mwezi jana nusura maneno yako yatimie. Bwana Taherali, mwenye mtambo wa kuchapa, alisema wasomaji wasipoanza kutuandikia, gazeti letu analifunga. Niliumia sana, Mjomba.

Nikabuni shindano la kuandika. Nikachonga viti kumi na viwili, mkono wa kulia wa kila kimoja mpana, mtu aweke karatasi. Kwenye tangazo nikaalika watu wote Jumamosi kwenye sherehe ya kalamu. Lakini unatujua Wasukuma na hizo L na R! Niliogopa kuaibika, nikaifuta L niliyokuwa nimeipatia, nikaweka R. Gazeti likatangaza sherehe ya karamu.

Jumamosi watu walijaa uwanjani, wengine wamekwisha nawa mikono. Jirani yetu Mzee Masalu alikuja na sahani yake. Nikakiri kosa langu. Mzee akaniambia, "Lete kwanza kalamu ya kula, mwanangu. Ile ya kuandikia itafuata."

Basi Kashindye na majirani wakasonga ugali, wakakaanga sato. Sahani zikatua juu ya ile mikono mipana ya viti vyangu, zikatulia kabisa. Kashindye anasema jina nililipatia tangu mwanzo: mkono wa kulia.

Waliposhiba wakaandika, na wasiojua kusoma niliwaandikia mimi. Mzee Masalu alieleza jinsi ng'ombe wake alivyokula barua ya mwaliko wa harusi. Nilipata habari thelathini na moja, nyingine zina mafuta ya samaki. Taherali alizisoma amesimama, akacheka, akavuta kiti akazisoma tena. Gazeti halifungwi! Nina furaha hata usingizi sipati.

Nisalimie Mama Ng'washi na binamu yangu Shimba. Mungu akutunze, na goti lako pia.

Kiti cha kumi na mbili kinakuja kwako kwa gari moshi. Keti, weka sahani, ule. Ukishiba, weka karatasi palepale uniandikie, bado unataka nichague?

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Mayala