Maji ya Kuoga ya Neema

Alhamisi

Na ni mimi niliyemwambia, "Baba Neema, jaribu maji kwanza." Akatia mkono kwenye beseni, akasema yako sawa. Kabla sijafika na taulo, mtoto akapiga nduru. Mguu mmoja tu uliingia, asante Mungu. Umebabuka hadi kwenye kifundo.

Hakufanya makusudi. Mkono wake haukusikia moto.

Miezi yote hii ananiambia ni ganzi tu, kila mtu wa bodaboda anayo. Wenzake wa steji walimshauri azungushie mishikio ya pikipiki mpira wa tyubu, mara tatu, eti iwe laini. Ikawa minene kuliko mpini wa jembe. Akawa anaikaba kwa nguvu kutoka hapa Subukia hadi Nakuru, mitungi ya maziwa nyuma, na ganzi ikazidi. Nami nilimsifu kwa kazi nzuri.

Tuliporudi kutoka dispensari nilichukua kisu nikaukata mpira wote.

"Mama Neema, sasa kesho nitashika nini?"

"Kesho hushiki kitu. Kesho unaenda kuonwa na daktari."

"Na maziwa ya watu?"

Nilitaka kumpiga, halafu nikajikuta nimevishika vile viganja vyake, vigumu kama ngozi kavu.

Nikachukua pini ya nepi, nikamwambia afunge macho, aseme akisikia. Nilimdunga kidole hadi tone la damu likatoka.

Akangoja, macho amefumba.

"Haya," akasema, "si uanze."