Nimemtundika Mdogo Wangu Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijagombana na ukoo mzima. Mimi ni mpiga picha, nina studio yangu mwenyewe, na simng'arishi mtu uso kwenye kompyuta hata akilia, kwa sababu nimechoka, mshauri, nimechoka na matangazo ya sabuni, nimechoka kuambiwa weusi wetu ni uchafu, na wanawake ndio tunaobanwa zaidi, maana juzi kaja bwana mmoja na mkewe akaniambia, "Huyu mpunguze weusi kidogo, mimi niache nilivyo," na yeye ni mweusi kuliko mkewe, nikamhubiria mpaka akaondoka akasahau kofia.

Sasa mdogo wangu wa kike kaolewa, picha nimempiga mimi, akaniomba kwa upole, "Dada, ning'arishe kidogo tu, ni picha zangu," nikakataa, tena nikaikuza moja ikawa kubwa kama mlango, nikaiweka kwenye dirisha la studio na maandishi chini, "Mweusi, na haombi radhi," bila kumuuliza, nikidhani atafurahi, kumbe akapita na mawifi zake wapya wakaiona wakacheka, akaingia analia, akasema, "Umenigeuza bango. Kama ni fahari, ya kwako iko wapi?" na kweli, sina picha yangu hata moja. Utotoni shangazi yetu alipotupanga kwa picha alikuwa ananisukuma nyuma, eti nitawaharibia mwanga, mpaka nikajifunza kushika kamera mimi, kwa kuwa anayeshika kamera hapangwi. Mwisho wa wiki mdogo wangu na mumewe wanahamia mbali, na simu zangu hapokei. Niiondoe? Nikiiondoa si nimewapa ushindi wale wale wa sabuni?

Ni mimi, Mpiga Picha Asiyeng'arisha

Mpiga picha wangu, pole sana. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Hasira yako naipenda, na yule bwana alistahili kila neno, ila kofia yake mrudishie. Lakini mdogo wako si yule bwana, wala si kampuni ya sabuni. Alikuja kwa dada yake akaomba jambo kuhusu uso wake mwenyewe, nawe ukafanya alichofanya yule yule uliyemhubiria: ukaamua wewe uso wa mwanamke mwingine uonekane vipi mbele za watu. Umeshakunja uso? Kunja, kisha uendelee kusoma.

Hao "wale wale" unaoogopa kuwapa ushindi hawajui hata studio yako iko mtaa gani. Iondoe picha leo, iviringishe, umpelekee mwenyewe kwake. Mlangoni sema, "Nisamehe, sikukuuliza," halafu funga mdomo. Najua hiyo kwako ni kazi nzito kuliko kubeba mitungi ya maji. Mahubiri ya sabuni yaache nyumbani siku hiyo. Akisisitiza kung'arishwa, mwambie wewe huwezi, mpe picha zake zote aende kwa mwingine, na usinune.

Kuhusu shangazi yenu, alikukosea, tena vibaya. Niliposoma hapo niliiweka barua chini kwanza. Hakuna mtoto anayeharibu mwanga. Ila tangu siku hizo umetetea kila uso mweusi uliopita mlangoni kwako, wako ukauacha nyuma pale pale alipousukuma shangazi, na hasira haitautoa huko.

Kwa hiyo kabla mdogo wako hajahama, mkabidhi kamera, wewe ukae kwenye kiti cha wateja. Hajasomea kazi hiyo. Atakukata kichwa mara mbili tatu, utawashwa kuinuka umwelekeze. Usiinuke. Muda wote huo atakuwa anakutazama wewe tu, na hilo hujawahi kumruhusu mtu alifanye.