Namshuku baba wa mchumba wangu anatia sumu kwenye mfereji

Mpendwa mshauri Bi Latifa, shikamoo. Naomba msaada, ingawa kusema kweli mimi siyo mtu wa kusaidiwa, hapa Mlali pampu ikigoma au mapenzi yakigoma naitwa mimi, na shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha.

Jambo lenyewe ni hili, nina mchumba anaitwa Nasra, mjomba wangu Halidi yuko tayari kupeleka posa, na sisi Waluguru mjomba akishakubali mambo yamekwisha, ila baba yake Nasra, Mzee Pazi, analima nyanya juu yetu kidogo na mfereji wa kutoka mlimani unapita kwake kwanza ndipo ufike kwetu, sasa tangu mvua zikatike mama yangu anaamka kichwa kinamgonga, anatapika, mate yanamjaa mdomoni, anasema anaona ukungu, na mimi mwenyewe natoka jasho nikiwa nimekaa tu, basi nikaanza kumchunguza yule mzee, nikajibanza kwenye migomba, nikamwona kwa macho yangu anasuuza bomba la kupulizia dawa pembeni ya mfereji. Nikatokeza. "Shikamoo mzee, hayo maji tunakunywa." Akanijibu, "Marahaba. Kwani mimi nakunywa soda?" Nikajua huyu ana lake.

Lakini mimi sichezewi. Maji, tangu hizo mvua zikatike, natia shabu mpaka yanang'aa, halafu nachemsha mpaka yanaruka, halafu nayaweka kwenye madumu yangu ya bluu niliyotoka nayo Dakawa nilipokwenda kuvuna mpunga, madumu magumu kweli, wajinga wameyatupa majarubani, nikayasugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikaisha karibu yote, na mawili nikampelekea mama yake Nasra kumlainisha. Mama bado anaumwa. Jirani yetu Ignas anachota palepale tunapochota, anakunywa kwenye ndoo yake bila kuchemsha na haumwi popote, kwa hiyo namshuku na yeye, lazima kashatonywa. Kituko zaidi, kwa Mzee Pazi nao wanatapika, mdogo wake Nasra kalazwa kituo cha afya, mimi najua ni geresha ili wasishukiwe. Nilipomwambia Nasra akanijibu, "Wewe siku ukijikwaa utalishtaki jiwe." Sasa nishauri, nimshtaki mzee nimkose Nasra, au ninyamaze nioe huku mama yangu namzika?

Twalibu, Mlali

Twalibu, marahaba. Kabla hujamaliza kusoma, mwambie mama asinywe tena hata tone la maji ya kwenye yale madumu. Kisha kimbia kwa kina Nasra ukawaambie hivyohivyo.

Umemshuku kila mtu mwanangu, ukajisahau wewe. Ignas anakunywa maji ya mfereji huohuo na ni mzima. Kwenu mnaumwa, kwa Mzee Pazi wanaumwa, na mtoto halazwi kwa geresha. Kitu gani kimeingia nyumba hizo mbili, kwa Ignas hakikuingia? Dumu gumu la bluu lililotupwa kwenye jaruba la mpunga, lenye harufu isiyoisha, halikuwa la mafuta ya kupikia. Sumu ya shambani inazama ndani ya plastiki, hata ulisugue kwa mchanga wa mto mzima, na kila ukitia maji inayarudia. Siwezi kupima maji nikiwa huku gazetini, lakini mate, jasho na ukungu wa macho ni dalili ninazoziogopa.

Shabu inatuliza tope tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, na Ignas naye achemshe, maana uzima wake ni bahati. Lakini sumu ya namna hiyo usitegemee moto kuitoa. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki.

Mpeleke mama hospitali leo. Huyo mtoto aliyelazwa, waganga wake hawajui habari ya dumu, na hawawezi kukisia. Kama kuna chapa iliyobaki, piga picha ukawaonyeshe. Mtoto anaihitaji hiyo picha kuliko unavyoihitaji posa. Maji yaliyobaki yamwage shimoni, mbali na mfereji. Madumu yatoboe asije mwingine akayatamani, usiyachome, mkabidhi bwana shamba. Mwombe na bwana afya wa kata achukue maji ya mfereji yakapimwe maabara, kwa sababu Mzee Pazi naye kakosea, bomba huoshwa katikati ya shamba, siyo penye maji ya watu. Ila hilo utamwambia baadaye. Huna uso wa kumfundisha mtu ambaye mtoto wake yuko kitandani kwa zawadi yako.

Mjomba Halidi aende nawe, lakini posa aiache nyumbani. Keti chini, mwambie mama Nasra kwa kinywa chako kwamba ulichomletea ndicho kilichowaumiza. Usimtaje Ignas, usiutaje mfereji. Nasra atakuwa anasikiliza. Akikukubali baada ya hapo, muoe upesi, maana nyumba yenu inahitaji mtu mmoja anayetazama anapokanyaga.