Kopo la Odi Lililobaki Mezani

Mama,

Odi yako, siagi yetu ya simsim, ilikaa mezani tangu Jumapili. Simsim niliisaga mwenyewe kwenye lile jiwe la nyuma ya jiko, mpaka mafuta yakaelea juu, kama ulivyonifundisha. Nilitaka Shangazi akuletee huko hospitali Kampala. Akalisukuma kopo.

"Redioni wamesema saratani inakula mafuta. Unataka kuilisha?"

Nikalifunika kopo bila kubisha. Unanijua. Sokoni Busia nilikuwa naita wateja huku nimeziba mdomo, nawe unanitania: "Wewe hata nyumba ikiungua utaita majirani kwa kunong'ona!" Wauza simsim wote wakacheka, kisha ukanichovyea kiazi kwenye odi nisilie.

Sasa nyumba iko kimya. Napika viazi viwili, kimoja kinabaki.

Nilikumbuka seli tuliyochora shuleni, na utando wake wa mafuta. Nikaona huenda Shangazi anasema kweli. Lakini nikakumbuka pia ulivyoondoka hapa Nabuyoga, gauni limekulegea, bangili inateleza hadi kwenye kiwiko. Nikikunyima mafuta, nitakuwa nimeunyima chakula ugonjwa au nimekunyima wewe?

Jana nilimpigia simu sista wa wodi yako.

"Sema kwa sauti, mwanangu, sikusikii!"

Nikapaza sauti. Akaniambia Shangazi hakutunga. Maabarani wameona seli za saratani fulani zikivuta mafuta, zikiyachoma kupata nguvu, zikiyatumia kujenga utando zinapoongezeka. Ila mafuta hayafanani, saratani nazo hazifanani, na watafiti bado wanachunguza.

"Lakini sahani ya mgonjwa si maabara," akasema. "Mama yako anazidi kukonda. Daktari ameangalia chakula chake, simsim hajaikataza. Tatizo ni mama mwenyewe. Anarudisha sahani, eti chakula chetu hakina ladha ya kwao."

Nilicheka, Mama, halafu nikalia. Shangazi nilimweleza kwa sauti ileile. Asubuhi hii ameondoka na kopo kwapani.

Muda si mrefu jirani akauliza kutoka uani, "Jana nani alikuwa anapiga kelele kwenu?"

Nikamjibu ni mimi.

Kula, Mama. Kwangua mpaka chini. Kopo nalitaka lirudi nyumbani, na sitaki Shangazi alibebe. Libebe wewe.

Ni mimi mwanao, ninayekuachia kiazi kimoja kila jioni.